Tumbo la Kiwavi: Historia ya Nondo na Nafaka za Ufipa

Mkulima wa Laela au Namanyere, huko Ufipa nchini Tanzania, anapopasua bua la mhindi na kumkuta bungua amejilaza ndani, lawama zote anazitupia taya. Ana haki, maana taya ndizo zilizotoboa. Lakini kutafuna ni mwanzo tu. Mmea uliotafunwa una sumu, na una vizuizi vya kumfanya mlaji asishibe. Kinachomshibisha kiwavi ni kundi la vimeng'enya lililomo tumboni mwake, na jeni zinazotengeneza vimeng'enya hivyo zina asili ya kale kuliko ulezi, kuliko mhindi, kuliko hata nyasi zenyewe.

Historia hiyo naisimulia macho yangu yakiwa Ufipa, kwenye nyanda za juu zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, Sumbawanga ikiwa juu yake kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700. Nimepachagua kwa sababu hapa, ndani ya shina moja la mhindi, yamekutana matumbo mawili yaliyolelewa katika mabara mawili: la bungua wa Afrika na la kiwavijeshi vamizi wa Amerika. Asiyejua kila tumbo limetoka wapi atabaki kupiga dawa na kungoja.

Kabla ya ua la kwanza

Nondo na vipepeo ni ukoo mmoja. Uchunguzi mpana wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 uliweka chanzo cha ukoo huo karibu miaka milioni 300 iliyopita, wakati dunia haikuwa na ua hata moja. Mrija wa kunyonyea ulikuja baadaye sana, yapata miaka milioni 240 iliyopita. Tangu hapo kazi za maisha ziligawanyika. Nondo aliyekomaa hunyonya maji matamu, hutafuta mwenza na kutaga. Kula na kujenga mwili ni jukumu la kiwavi. Mzigo wote wa lishe ya ukoo ukaangukia tumbo la mtoto.

Tumbo lenyewe ni la namna yake. La binadamu lina asidi, la kiwavi lina magadi, na katika spishi nyingi kipimo cha pH hufika 10 au hata 11. Magadi makali kiasi hicho huzuia tanini za majani zisigandishe protini. Vimeng'enya vya kawaida visingedumu humo, hivyo nondo wakawa na vyao vinavyostahimili: tripsini na kimotripsini za kukata protini, amilesi ya kukata wanga, na vingine vya kukata sukari.

Jeni hizo ziliongezekaje? Njia kuu ni kunakili. Chembe hai inaponakili kromosomu zake ili kutengeneza yai au mbegu, mara chache kipande hunakiliwa mara mbili. Jeni moja inakuwa mbili, zikikaa jirani. Ya kwanza huendelea na kazi yake, ya pili sasa iko huru kubadilika. Mabadiliko mengi ni hasara na nakala nyingi hufa kimyakimya. Lakini badiliko moja likigeuza kidogo mdomo wa tripsini, kizuizi cha mmea kikashindwa kuushika, kiwavi mwenye nakala hiyo atanenepa pale wenzake wanapokonda. Ndiyo maana leo, kromosomu za nondo zinaposomwa, jeni za tripsini na kimotripsini hukutwa zimejipanga kwa makundi, ndugu kando ya ndugu.

Njia ya pili ilishangaza hata wataalamu. Utomvu wa mforosadi una kemikali zinazofanana na sukari, ambazo huziba vimeng'enya vya kukata sukari na kuwaua viwavi wengi. Nondo wa hariri hula majani hayo bila taabu. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, akiwemo Takaaki Daimon, walieleza siri mojawapo: kiwavi wa hariri ana kimeng'enya cha sukari ambacho hakizibwi na utomvu huo, cha aina ambayo haikudhaniwa kuwepo kwa wanyama. Jeni yake inafanana na za bakteria, na hakuna maelezo mengine yanayosimama ila kwamba babu wa kale wa nondo aliipata kutoka kwa bakteria. Jeni za ukoo huo zimekutwa pia kwa nondo wengine wengi. Naona jambo hili linapaswa kufundishwa katika kila shule ya sekondari ya kilimo, kwa kuwa linaonyesha kwamba tumbo la mdudu lina warithi wa damu na lina wageni waliogeuka kuwa wenyeji.

Bungua kabla ya mahindi

Bungua wa mabua, Busseola fusca kwa jina la kisayansi, ni mzaliwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Claude Fuller ndiye aliyemwingiza katika maandishi ya sayansi mwaka 1901, lakini mdudu huyu alikuwa akiishi ndani ya nyasi pori nene na mtama muda mrefu kabla ya hapo. Huko ndiko tumbo lake lilikonolewa. Mtama mchanga ukitafunwa hutoa sianidi, na nyasi nene zina silika inayokwaruza utumbo. Aliyeweza kuishi humo alikuwa tayari amefuzu. Tena Afrika Mashariki bungua huyu hupenda baridi ya milimani kuliko joto la pwani. Ufipa ni kwao.

Wafipa wa falme mbili za Nkansi na Lyangalile, waliosifika kwa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, walilima ulezi. Nyanda zao zilikuwa na nyasi nyingi na miti michache, kwa hiyo hawakuweza kutegemea kukata na kuchoma msitu kama majirani zao wengi. Wakabuni intumba: mvua zikiwa zingali zikinyesha, nyasi hukatuliwa na kufukiwa katika matuta ya mviringo, zikaoza humo, maharage na mazao mengine yakapandwa juu, na msimu uliofuata matuta yakasambazwa ili kusia ulezi. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson aliyepita Ufipa mwaka 1880 aliikuta jamii ya wakulima iliyotulia.

Lengo la intumba lilikuwa rutuba. Hata hivyo ulikuwa mfumo mgumu kwa bungua. Mdudu huyu huvuka kiangazi akiwa kiwavi, amelala ndani ya bua kavu kwa miezi mingi akingoja mvua imwamshe. Mabaki yanayofukiwa na kuoza humnyima kitanda. Na ulezi wenyewe, wenye mashina membamba, si makao mazuri kwa kiwavi mnene. Uwezo wa tumbo lake ulikuwepo wote, ila shamba halikumpa nafasi ya kuutumia.

Zao lililowaacha maadui nyuma

Mahindi yalianza kulimwa yapata miaka 9,000 iliyopita katika bonde la mto Balsas, Mexico, kutokana na nyasi pori iitwayo teosinte. Wareno waliyafikisha Afrika Mashariki baada ya mwaka 1500. Kilichovuka bahari ni punje kavu, na punje kavu haibebi kiwavi wa majani. Zao likafika huku likiwa limewaacha maadui wake wa kale ng'ambo, lakini likiwa na silaha zote lilizowatengenezea.

Silaha moja inahitaji kuelezwa hapa kwa kuwa itarudi baadaye. Mhindi mchanga huhifadhi sumu iitwayo DIMBOA ikiwa imefungwa kwa glukosi, na ikiwa hivyo haina madhara. Kiwavi anapotafuna, sumu hiyo hukutana na kimeng'enya cha mmea wenyewe kilichokuwa kimetengwa. Glukosi inakatwa, sumu inafunguka mdomoni na tumboni mwa mlaji. Bungua wa Afrika aliikuta silaha hiyo ikiwa ngeni kwake, lakini bua la mhindi ni nene, laini na lenye sukari, na tumbo lililozoea mtama halikukosa njia.

Ufipani badiliko halikuja upesi. Mwanaanthropolojia Roy Willis alipofanya utafiti wake huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulezi bado ulikuwa chakula kikuu. Kilichogeuza mambo ni siasa ya bei. Mwaka 1974 Rukwa ikafanywa mkoa, makao makuu yakiwa Sumbawanga, na katika miaka hiyo serikali ikaweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Gunia la Sumbawanga likanunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji kwa bei ileile ya gunia lililovunwa karibu na Dar es Salaam, gharama ya lori ikibebwa na dola. Mbegu chotara na mbolea ya ruzuku zikafuata. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayoilisha nchi.

Matokeo yake kwa mdudu hayakupangwa na mtu yeyote. Mabua yaliyosimama mashambani baada ya mavuno, au yaliyorundikwa nyuma ya nyumba, yalikuwa mabweni ya bungua kiangazi kizima. Bei moja ilipoondolewa na ruzuku kupungua, mahindi hayakuondoka, na bungua naye hakuondoka.

Maabara zinachelewa kuelewa, 1972 hadi 1997

Mwaka 1972, Marekani, T. R. Green na Clarence Ryan walionyesha kwamba jani la nyanya au kiazi likijeruhiwa na mdudu, mmea hutengeneza vizuizi vya kumeng'enya protini, na huvitengeneza hata katika majani ambayo hayajaguswa. Mmea ulikuwa unajibu. Kizuizi huingia katika mdomo wa tripsini kama kabari, na kiwavi akala bila kushiba.

Matumaini yakapanda. Mwaka 1987 kikundi cha Durham, Uingereza, kilichukua jeni ya kizuizi cha tripsini kutoka kwenye kunde na kuipandikiza katika tumbaku, na tumbaku hiyo ikawahimili viwavi vizuri zaidi. Kunde ni zao la Afrika, na wakulima wetu wanayo haki ya kujua kwamba mmoja wa mimea ya kwanza duniani kubadilishwa jeni ili kupambana na wadudu ulikopa silaha yake kwenye kunde.

Kisha mwaka 1995 Maarten Jongsma na wenzake wa Uholanzi wakachapisha kilichovunja matumaini hayo. Kiwavi wa jamii ya Spodoptera aliyelishwa majani yenye kizuizi aliwasha tripsini nyingine, ambazo kizuizi hakikuweza kuzishika. Miaka miwili baadaye watafiti wa Durham wakaona jambo kama hilo kwa Helicoverpa armigera, funza wa vitumba anayejulikana vyema na wakulima wa pamba na nyanya Tanzania: ana familia nzima ya jeni za tripsini na kimotripsini, na lishe ikibadilika baadhi huzimwa na nyingine kuwashwa. Nakala zile zilizojilimbikiza kwa mamilioni ya miaka zilikuwa ghala la akiba. Kwa maoni yangu huu ndio mgeuko mkubwa wa historia hii yote. Kabla yake wanasayansi walikuwa wakishindana na kimeng'enya kimoja. Baada yake walijua kwamba wanashindana na ukoo.

Mwaka 2017, Nkasi

Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ndiye adui ambaye mhindi ulimwacha Amerika. Januari 2016 alionekana Nigeria, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Zambia. Mapema mwaka 2017 Tanzania iliripoti kumwona kwa mara ya kwanza, na ripoti hiyo ilitoka wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa. Utenganisho uliodumu karne nne na zaidi uliishia kwenye nyanda za Ufipa.

Wakulima walikuwa wanamfahamu ndugu yake, kiwavijeshi wa Afrika, anayekuja kwa makundi, anakula na kupita. Huyu mgeni, mwenye alama ya Y iliyopinduka usoni na madoa manne meusi karibu na mkia, hapiti. Anakaa ndani ya moyo wa mhindi, kizazi baada ya kizazi. Katika nchi nyingi za Afrika watu walijaribu majivu, mchanga na sabuni ya unga, wakimimina kwenye moyo wa mmea.

Tumbo la mgeni huyu lilikuwa limejibu maswali ambayo bungua wa Afrika anayakabili kwa njia za kuazima. Chukua DIMBOA. Mwaka 2014 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Jena, Ujerumani, walieleza anachofanya. Sumu ikishafunguliwa na kimeng'enya cha mmea, kiwavi huirudishia glukosi, lakini huibandika kwa mwelekeo uliogeuzwa. Kimeng'enya cha mhindi hakitambui tena kile kifungo, hivyo hakiwezi kukifungua, na sumu hupita utumboni na kutoka kama kinyesi. Mwaka 2020 kikundi hichohicho kilitaja mojawapo ya jeni zinazofanya kazi hiyo. Upande wa protini, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba akilishwa vizuizi vya soya huongeza utengenezaji wa tripsini na kimotripsini, nyingine zikiwa zile zilizokuwa zimelala. Mwaka 2017, mwaka uleule alioripotiwa Nkasi, jenomu yake ilichapishwa, ikionyesha kwamba familia zake kadhaa za jeni za kuonja na kuondoa sumu zimepanuka mno kuliko za nondo wanaokula mimea michache.

Kuna sehemu moja ambapo tumbo hilohilo linamgeuka mwenyewe, na Ufipa, nchi ya maharage, inapaswa kuifurahia. Kiwavi huyu anapokula kunde au maharage, vimeng'enya vyake hukata protini ya jani na kubakiza kipande kidogo. Kipande hicho hurudi kwenye jeraha pamoja na mate. Mwaka 2006 Eric Schmelz na wenzake walionyesha kwamba mkunde ukikigusa huamsha ulinzi wake, na mwaka 2020 kipokezi kinachokitambua kiligunduliwa katika jamii ya kunde na maharage. Mhindi hauna kipokezi hicho. Kumeng'enya kwenyewe ndiko kunakomtangaza mlaji.

Mate yanayosaliti

Afrika Mashariki ina mchango wake katika somo hili, na haujasemwa vya kutosha. Bungua mwingine, Chilo partellus, aliingia Afrika kutoka Asia na kuandikwa mara ya kwanza Malawi mwaka 1930. Huyu ni wa nchi za joto, bondeni na pwani. Mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kiliachilia pwani ya Kenya nyigu mdogo kutoka Asia, Cotesia flavipes, anayemfuata bungua huyo hadi ndani ya tundu na kutaga mayai mwilini mwake. Swali lilikuwa: gizani mle, ndani ya bua, nyigu anajuaje kwamba aliyemgusa ni bungua wake?

Jibu lilichapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Kenya na Ufaransa, Gladys Bichang'a, Jean-Luc Da Lage, Paul-André Calatayud na wenzao. Nyigu hugusa mate ya kiwavi, na ndani ya mate hayo anachokitambua ni amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga. Umbo la kimeng'enya ndilo linalomsisimua atage, hata uwezo wake wa kukata ukizimwa. Hapo naona nondo amebanwa kutoka pande mbili. Akibadilisha sana umbo la amilesi ili ajifiche, anahatarisha chakula chake, asipobadilisha, anatambulika. Jeni ya kumeng'enya inafinyangwa kwa wakati mmoja na mmea unaoliwa, na pia na adui anayewinda.

Tumbo hilo ndilo linaloamua pia hatima ya mahindi ya Bt, yaliyobadilishwa jeni ili kuua viwavi. Protini ya bakteria iliyopandikizwa humo huanza kuua baada ya kukatwa na vimeng'enya vya kiwavi ndani ya magadi yake. Usugu haukuchelewa: mwaka 2006 kiwavijeshi vamizi alikuwa sugu Puerto Rico, na mwaka 2007 bungua wetu, Busseola fusca, akaripotiwa sugu Afrika Kusini. Tanzania ilianza jaribio la mahindi yaliyobadilishwa jeni Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali ikaamuru majaribio ya namna hiyo yasitishwe. Mabishano yaliyofuata yalihusu mbegu na mamlaka juu yake. Tumbo la mdudu lilitajwa kidogo mno, ingawa ndilo lililokuwa limekwisha kutoa hukumu yake mahali pawili.

Mwaka huohuo wa 2018 ilitoka orodha ya kwanza ya nyigu na nzi waliokutwa wakimla kiwavijeshi vamizi Afrika Mashariki. Waliokusanywa Tanzania walikuwemo Charops ater na Coccygidium luteum, nyigu wenyeji waliozoea viwavi wa Afrika. Kiwango chao kilikuwa chini ya asilimia 15, nacho si haba kwa mwindaji aliyekutana na windo jipya mwaka mmoja au miwili tu kabla. Tatizo lao ni dawa ya kunyunyizia. Kiwavi aliyekua hujifunika ndani ya moyo wa mhindi kwa kinyesi chake mwenyewe, na matone machache humfikia. Nyigu anayezunguka juu ya majani kumtafuta hana kifuniko, na anayenyunyiziwa kwanza ni yeye.